Niliyechunga Mbayuwayu

Wenzangu tuliokulia Mpitimbi wakati maji yanachotwa mtoni na taa ni ya mafuta, mtanikumbuka. Wengine mlichunga mbuzi, wengine mlitumwa kufukuza nyani kwenye mahindi, na mimi nilichunga mbayuwayu. Mlinicheka sana. Asubuhi mlipita na vikapu vyenu mkienda porini kuokota matunda ya masuku, mkanikuta nimekalia kinu kilichopinduliwa, shingo juu, mkaniuliza ndege wangu wangapi wamepotea leo. Niliwajibu kwa maneno ambayo mwalimu mstaafu hawezi kuyaandika hapa.

Nawaandikia ninyi kwa sababu ninyi mtanielewa. Vijana wa siku hizi ukiwaambia kwamba mtoto wa miaka minane alikuwa na kazi ya kutazama ndege tangu Oktoba mpaka siku ya kupanda, wanadhani unatunga. Jestina, mjukuu wa dada yangu, ninayeishi naye hapa nyumbani, akitaka kujua kama mvua itanyesha anainamia simu. Simu ikisema mvua, anaanua nguo, hata kama jua linawaka mpaka mbuzi wanagombania kivuli. Juzi alimwelekezea ndege simu hiyohiyo, ikampiga picha, ikamtajia jina la Kizungu. Nikamuuliza mkia wake ukoje. Hakuwa ameuangalia.

Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati limeota kutu, na baraza mbele iliyobebwa na boriti tatu. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo tulikuwa watatu: Mama, dada yangu Kanisia, na mimi Eufrasia, ambaye wote waliniita Eufra. Kanisia alinizidi miaka sita. Juu ya vichwa vyetu walikaa wengine wawili, mbayuwayu dume na jike, chini ya boriti ya katikati. Kiota chao kilijengwa kwa punje za tope, kila punje kama harage, mamia kwa mamia, mpaka kikawa na umbo la kibuyu kilichopasuliwa katikati na kubandikwa. Shingo ya kibuyu hicho ndiyo ilikuwa mlango wao. Walipoongea walisikika kama bawaba inayotaka mafuta, na tuliamka kwa sauti hiyo kila siku kabla jogoo hajakumbuka kazi yake.

Mama hakupanda kwa kuangalia mawingu. Alisema mawingu yanadanganya hata mapadri. Hakupanda kwa mvua ya kwanza wala ya pili, ingawa majirani walikuwa tayari wameshika majembe. Alipanda siku mbayuwayu wa nyumbani walipoanza kubeba tope. Msije mkadhani ni uchawi, ilikuwa akili ya kilimo tupu. Ndege anayejenga anataka udongo ulioshikana. Ukiwa majimaji haubebeki, na ukiwa umelowa juu tu huku chini ni vumbi, punje inamkatikia mdomoni kabla hajafika kwenye boriti. Mama alisema siku udongo unaposhikana mdomoni mwa ndege ndiyo siku utakaposhika mbegu, na miaka yote niliyoweza kukumbuka alikuwa hajakosea.

Kwa hiyo kazi ile haikuwa mchezo, na alinifundisha kwa ukali aliotumia kunifundisha sala. Kuna wa aina tatu, alisema, usiwachanganye. Wa kwanza ni teleka, wale weusi wenye kiraka cheupe mgongoni, juu ya mkia, wanaozunguka mnara wa kanisa wakipiga kelele. Hao hata kwenye waya hawakai, waachie mapadri wao. Wa pili ni wageni. Wanafika Oktoba, wanajipanga kwa mamia kwenye waya wa simu uliokuwa ukifuata barabara, mgongo buluu nyeusi, koo jekundu, na chini ya koo mstari mpana mweusi kama wamevaa mkufu. Hao wanakula wadudu wetu na Aprili wanaondoka. Hawajengi hapa, hawatagi hapa. Nilipofika chuo cha ualimu ndipo nikasoma kwamba kwao ni Ulaya, jambo ambalo Mama hakulijua na halikumpunguzia kitu.

Wa tatu ndio wetu. Kichwa chake kina rangi ya kutu ya bati, kiuno vilevile, na kifua cheupe kimechorwa mistari myeusi kuanzia koo mpaka tumboni kama daftari la darasa la kwanza. Haji kwa makundi. Wanakuja wawili, wanakagua kiota cha mwaka jana, wanaziba palipobomoka, wanaingiza manyoya ya kuku, na mke anataga mayai meupe kabisa. Lakini wakiruka kwa kasi, kifua hukioni. Kwa hiyo Mama alinipa jambo moja la kushika, na nililishika kama jina langu.

"Angalia miguu," alisema. "Mgeni anapita juu ya maji mdomo wazi, anakunywa, anaenda zake. Wa nyumbani anatua. Anayetua ndiye uje uniite."

Na kweli alitua. Nimemwona mara nyingi akisimama kwenye tope, mabawa ameyainua juu kama mama anayeshika gauni lisiguse chini, anauma tope, anaruka. Mgeni hakanyagi tope letu hata siku moja. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa. Nataka mlikumbuke tutakapofika mbele, maana sina mahali pa kujificha.

Ah, lakini miezi ile ilikuwa mizuri, hata kwa mtoto aliyefungwa kwenye kinu. Mvua ya kwanza ilipogusa vumbi tulitoa ndimi nje. Kumbikumbi walitoka ardhini jioni, tukawakimbiza na ungo, Kanisia akawakaanga bila mafuta mpaka nyumba nzima ikanukia. Palikuwa na togwa kwenye chungu nyuma ya mlango, na ole wako Mama akikuta kata imehamishwa. Shuleni tulikwenda na kuni mkono mmoja na mfuko wa daftari mkono mwingine. Na masuku. Mtoto wa leo ukimpa masuku anakuuliza yanauzwa wapi. Sisi tulijua kila mti kwa tabia yake, upi unawahi, upi una mabuu, upi unadondosha matunda usiku ili asubuhi uyakute umande umeyalowesha.

Mwaka ninaousema, Kanisia alimaliza darasa la saba akachaguliwa kuingia shule ya bweni ya masista. Katika kijiji chetu wasichana waliochaguliwa walikuwa wawili. Mwalimu mkuu alileta barua mwenyewe kwa baiskeli, na Mama alimchinjia kuku ambaye sisi tulikuwa tumekatazwa hata kumtazama. Barua ilitaja sanduku, shuka mbili, ndoo, jembe, na gunia moja la mahindi kwa ajili ya chakula chake. Sanduku hatukuwa nalo, ila mahindi tulikuwa nayo. Mama alipima gunia lile kutoka kwenye kihenge kabla hatujapima letu la kula, na Kanisia alilishona mdomo kwa uzi wa katani, kisha akaandika jina lake kwa mkaa, herufi kubwa, KANISIA. Lilisimama kwenye kona ya chumba tulicholala. Kila jioni alinisomea barua ile ya mwalimu mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika, nami niliijua kwa moyo kuliko Baba Yetu.

Mvua zilichelewa. Zikanyesha usiku mbili, kidogo, kisha zikanyamaza. Chini ya shamba letu palikuwa na shimo ambalo watu walichimba udongo wa tofali, na maji yalituama humo. Asubuhi ya siku ya pili mlipita tena, ninyi wenzangu, mkasema mti mkubwa wa ng'ambo ya mto umedondosha masuku yote, na kwamba kesho patabaki maganda. Niliwaomba mnisubiri. Mlisema mchunga ndege achunge ndege.

Nilishuka mpaka shimoni. Ndege walikuwepo, kumi au kumi na mbili, wanapita juu ya maji mdomo wazi, wanayachana kidogo, wanapanda. Nilisimama nikawaangalia. Makoo mekundu, mikufu myeusi. Nilingoja hata mmoja atue. Nadhani nilingoja kwa moyo wote, kama mtu anavyongoja akijua jibu. Hakutua hata mmoja. Sauti zenu zilikuwa zinapotea upande wa mto.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amekaa uani, ungo mapajani, anachagua mbegu, nzima huku, zilizotobolewa huku. Kanisia alikuwa mlangoni anatwanga.

"Mama, wamebeba tope."

Hakuinuka mara moja. Aliniangalia usoni. "Umewaona mwenyewe?"

"Nimewaona."

Hakuuliza kama walitua. Alinifundisha yeye, kwa nini aniulize? Kanisia alisimamisha mchi, akanitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Lakini Mama alikuwa ameshasimama, anamwagiza majembe, na uso wake ulikuwa umefurahi mno. Kanisia akaweka mchi chini. Mimi nilikuwa nimeshafika njiani.

Masuku yalikuwa matamu. Hata hapo sitaki kudanganya. Nilikula mpaka ulimi ukakauka, nikarudi na kikapu tele, nikawakuta wamepanda nusu ya shamba.

Baadaye jua likawaka. Mahindi yaliota kwa unyevu ule mdogo, yakainua vichwa, yakaungua. Yaliyobaki ardhini yalichimbuliwa na kwale na panya. Kila asubuhi Mama alitembea katikati ya mistari akiinama, anafukua shimo kwa kidole, anafukia. Majirani waliokuwa wakimngoja yeye apande ndipo wapande walianza kucheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Hakunishuku hata kwa mbali. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba mwaka huu hata ndege wamechanganyikiwa, na tangu hapo hakuwasema tena kwa sauti ileile.

Mvua ya kweli ilikuja karibu na Krismasi. Siku chache baadaye nikawaona shimoni, wale wawili wetu, vichwa vya kutu, wametua. Mabawa juu. Wanauma tope. Niliwaona kwa macho yangu na sikuweza kumwita Mama, kwa sababu nilikuwa nimeshasema jambo hilo limetokea wiki nyingi zilizopita. Nilikaa kwenye kinu nikawatazama wanakwenda na kurudi, wanaziba kiota, punje juu ya punje, mpaka nikaanza kulia, na Kanisia alinifuta kamasi akidhani nina njaa.

Mbegu za kupanda tena hazikuwepo, isipokuwa sehemu moja. Kanisia alifumua uzi wa katani mwenyewe. Hakumwachia Mama afumue. Kilichobaki baada ya kupanda tulikila Januari na Februari, na nilikuwa nakula nikiona herufi za mkaa kwenye gunia linalonywea. Mama alikwenda shuleni kwa miguu kuomba wamsubiri mpaka mavuno. Masista walimsikiliza vizuri, wakamwambia mwakani waone. Msichana mwenzake aliondoka na sanduku kichwani, na Kanisia alimpungia mkono akiwa katikati ya shamba, jembe begani.

Mwakani nafasi ilikuwa ya mtoto mwingine. Mwaka uliofuata akaja mchumba, mtu mwema, mkulima wa kijiji cha pili. Kanisia alikuwa na miaka kumi na sita. Nakumbuka siku ya harusi alinipa kalamu yake ya wino aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili ya kidato cha kwanza.

Nami nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa, na shule ikataka gunia la mahindi. Lililimwa na nani? Kanisia alilima, akapukuchua, akashona, akaniandikia jina langu kwa mkaa. Alilibeba kichwani mpaka barabarani huku ana mtoto mgongoni. Nimefundisha watoto wa watu zaidi ya miaka thelathini kwa gunia lile. Mtaniuliza kama sikuwahi kusema. Nilisema, kwa padri, nikiwa na miaka kumi na mbili, kabla ya Pasaka. Nilisema nimesema uongo, nikaliingiza katikati ya sukari niliyoiba na sala nilizozisinzia. Akanipa Salamu Maria tatu.

Kwa Mama sikusema. Alizeeka, akafariki akiamini ndege walimsaliti mara moja. Kwa Kanisia sikusema, na kila mwaka uliopita uliifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi. Niliamua kwamba nitamlipa kwa wema. Nilipostaafu ualimu, mumewe akiwa amefariki na nyumba ya Mama ikiwa inavuja, nilihamia hapa nikamchukua tukae wote, na nikaamua kuitengeneza nyumba iwe ya watu. Bati za msauzi, dari ya jipsamu, ukuta umepigwa plasta na rangi ya mafuta, uwanja wote sementi ili dada yangu asikanyage tope tena maishani.

Fundi alipofika kwenye baraza aliniita. Mwalimu, vitu hivi nifanyeje? Ilikuwa Agosti, kiota kitupu. Kilikuwa pale tangu utoto wetu, kikibomoka na kuzibwa, kizazi kwa kizazi cha ndege. Nilikuwa nahesabu bati, sikugeuka vizuri. Nilimwambia atoe, vinachafua ukuta. Alikigonga kwa mwiko wa plasta mara mbili. Kanisia alikuja na beseni, akaokota vipande, akavitandaza kwenye kitalu cha mboga.

Msimu uliofuata walikuja. Walizunguka baraza siku mbili wakitafuta boriti ambayo nilikuwa nimeifunika kwa ubao mweupe wa fishabodi. Walijaribu ukutani, na tope liliteleza kwenye rangi ya mafuta na kuangukia sementi. Siku ya tatu hawakurudi. Jirani zetu nao wamejenga hivyohivyo, mashimo ya tofali yamefukiwa, na mashambani tunapulizia dawa ya viwavi mpaka nzi wanakuwa adimu. Wageni bado wanakuja. Oktoba wanajaa kwenye nyaya za umeme, wanakunywa, wanaondoka. Wa nyumbani sijawaona mwaka wa sita huu.

Mwaka juzi Kanisia alipata kiharusi. Mkono umerudi kidogo, maneno yamerudi, lakini yeye mwenyewe hakurudi mahali alipokuwa. Amerudi mbali zaidi. Ninapomsalimia asubuhi, "Shikamoo dada," ananijibu marahaba na kuniuliza kama nimeoga kabla ya kwenda shule. Jestina anacheka, nami mwanzoni nilicheka. Halafu ilipofika Oktoba ya mwaka huu akaanza kuuliza, akiwa amelala kwenye kitanda chake kando ya dirisha: "Eufra, wamebeba tope?"

Nilisema bado, dada. Akasema sawa. Siku iliyofuata akauliza tena. Na alipoletewa ugali alifunga mdomo. Tulidhani ni ugonjwa. Muuguzi wa zahanati akaja, akasema lazima ale, dawa hizi haziwezi kukaa kwenye tumbo tupu, na mwili wake hauna akiba. Jestina akambembeleza, akampikia uji wa mahindi, Kanisia akausukuma. Siku ya tatu akatuambia sababu, kwa upole, kama mtu mzima anayewafundisha watoto. Mahindi haya ni ya shule, alisema. Tukila, nitakwenda na nini?

Nimejaribu kila kitu. Nimempa viazi, anakula viwili, anauliza Mama amekula nini. Nimempa wali, anasema wapelekewe wagonjwa. Anaona gunia kwenye kona ambayo haina kitu. Amepungua mpaka pete ya ndoa inamtoka, na Jestina ameifunga kwa uzi. Muuguzi ameniita pembeni na kusema nijiandae. Mimi najua dawa yake. Mama alikuwa akisema ndege wakishabeba tope na shamba likishapandwa, hapo kihenge kinafunguliwa, watu wale wapate nguvu ya palizi. Kanisia anangoja habari hiyo. Ni maneno mawili tu, na ni mimi niliye na kazi ya kuyaleta.

Jana alasiri nilichukua bakuli la uji nikakaa kando yake. Dirishani wageni walikuwa wamejipanga kwenye waya, mikufu yao shingoni. Akaniuliza kama kawaida. Nikasema kile nilichokuwa nimekikataa kwa wiki mbili.

"Wamebeba, dada."

Uso wake ulifunguka. Sijauona uso huo tangu mwalimu mkuu aje na baiskeli. Akajisukuma aketi, nikamwekea mto, nikapeleka kijiko. Akaweka mkono wake mzima juu ya mkono wangu, akanitazama vilevile alivyonitazama siku ile mchi ukiwa hewani. Na mdomo ule uliofunguka ukafungwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita ulimaliza ulichotaka kusema.

"Walitua?"

Niliweka kijiko chini. Ningeweza kusema ndiyo. Angekula. Nilitaka ale kuliko ninavyotaka kitu chochote duniani, na neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Hapana, dada," nikasema. "Hawakutua. Walikuwa wageni. Walikuwa wanakunywa tu, na mimi nilitaka kwenda kwenye masuku."

Hakukasirika. Alinipiga kofi dogo la shavuni, lile la kumwamsha mtoto anayesinzia. "Sasa kimbia, mlongo wangu," akasema. Mlongo ni ndugu, kwa Kingoni. Alikuwa hajaniita hivyo tangu Mama afe. "Kimbia ukamwambie Mama asipande."

Akalisukuma bakuli, akalala, akageukia ile kona isiyo na kitu.

Nilisimama. Mkubwa akikutuma unakwenda, ndivyo tulivyolelewa, siyo hawa wa sasa wanaokuambia subiri nimalize kidogo. Nilitoka mpaka uani. Enzi zile Mama alikuwa papa hapa, ungo mapajani, hatua kumi kutoka mlangoni. Angenichapa, halafu angerudisha mbegu kwenye kibuyu, na Januari dada yangu angeondoka na gunia lake kichwani. Leo pana sementi, imefagiliwa vizuri, inang'aa. Nimesimama pale alipokuwa akikaa, na Kanisia ananiita kutoka ndani, anauliza kama nimeshamwambia.